Papa Aliyewavunja Walimu Wake

Mtu aweza kutenda mengi maishani, lakini historia ikamkumbuka kwa sahihi moja tu. Ndivyo ilivyompata Papa Klementi XIV.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1705 huko Santarcangelo, Italia, akaitwa Giovanni Vincenzo Antonio Ganganelli. Baba yake alikuwa daktari. Masomo yake ya mwanzo aliyapata kwa mapadre Wajesuiti wa mji wa Rimini. Mwaka 1723 alijiunga na Wafransisko, na mwaka 1759 akafanywa kardinali.

Zama hizo Wajesuiti walikuwa watu 23,000 hivi, wenye mamia ya shule Ulaya na ng'ambo. Elimu iliwapa sauti katika majumba ya wafalme, na sauti hiyo ikawaletea maadui. Ureno iliwafukuza mwaka 1759, Ufaransa ikalipiga marufuku shirika lao mwaka 1764, na Hispania ikawafukuza mwaka 1767. Papa Klementi XIII aliwatetea hadi alipofariki Februari 1769. Makardinali walibishana miezi mitatu juu ya mrithi wake, huku mabalozi wa wafalme wakitaka mtu atakayelivunja shirika hilo. Tarehe 19 Mei akachaguliwa Ganganelli.

Kwa miaka minne alipiga chenga. Mwishowe, tarehe 21 Julai 1773, alitia sahihi amri ya kuwavunja. Mkuu wao, Lorenzo Ricci, alitiwa ndani ya ngome ya Castel Sant'Angelo, akafia humo mwaka 1775 bila ya kuhukumiwa. Shule nyingine zilifungwa, nyingine zikatwaliwa na serikali au mashirika mengine. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi; na hapa nyasi walikuwa wanafunzi.

Papa mwenyewe alifariki tarehe 22 Septemba 1774. Uvumi ulienea kwamba alilishwa sumu. Waswahili husema lisemwalo lipo, lakini madaktari wake walikanusha.

La ajabu ni kwamba waliowahifadhi Wajesuiti hawakuwa Wakatoliki. Katerina II wa Urusi, Mwothodoksi, na Frederiki II wa Prussia, wa ukoo wa Kiprotestanti, walikataa amri ile isitangazwe katika nchi zao, kwa kuwa walihitaji walimu. Huko Urusi shirika liliendelea kuishi mpaka Papa Pio VII alipolirudisha duniani kote tarehe 7 Agosti 1814. Tena, mwaka 2013 Mjesuiti alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Fransisko, jina la mtakatifu yule yule aliyeanzisha shirika la Ganganelli.

Je, Klementi alikuwa mwoga? Wako wanaomtetea kwamba alihofia wafalme wangejitenga na Kanisa. Mimi naona alinunua amani kwa mali isiyokuwa yake. Amani hiyo haikudumu: mwaka 1789 mapinduzi yalizuka Ufaransa, na kiti cha mfalme kikaanguka. Walimu walibaki, kwa sababu palikuwa na mtu aliyejua thamani yao.