Hesi, Nyuzi au Thredi?

Bolti isiyoingia haina madhara. Inakataa, unaiweka kando, unatafuta nyingine. Ya kuogopa ni ile inayoingia. Chukua bolti ya milimita 6, ile ambayo kila duka la spea za bodaboda Tunduma linayo kwa makopo, uipachike kwenye tundu la robo inchi la pikipiki ya Kiingereza ya BSA ya mwaka 1960, lile lenye mikunjo myembamba. Itaingia kwa vidole. Mzunguko wa kwanza, wa tatu, wa tano, na fundi tayari anapiga mluzi. Akishika spana akaze, mkono unahisi kitu kikilegea badala ya kukaza, na bolti inabaki kuzunguka kama mwiko kwenye uji. "Imekufa thredi," atasema, na ataifuta mikono.

Kilichokufa pale kina jina la Kiswahili: hesi. Ni neno la zamani la pwani, na kamusi zetu zinalo. Wazee waliita skrubu "msumari wa hesi", yaani msumari wenye mkunjo uliochongwa ukauzunguka mwili wake, na palikuwa pia na "parafujo", masalia ya Wareno. Kasoro ya kamusi ni kwamba hesi hubebeshwa maana mbili, skrubu yenyewe na ule mkunjo wake. Kwa kuwa skrubu imeshapata jina lake na hakuna anayeligombea, mimi ningeiachia hesi kazi moja tu: mkunjo. Hesi ya bolti iko nje, hesi ya nati iko ndani, na zikikutana sawasawa chuma kinashika chuma.

Mitaani lakini hesi haisikiki. Utasikia thredi, utasikia nyuzi, mara mojamoja meno. Meno nayakataa bila kusita, kwa sababu meno ni ya gia na sproketi, na fundi anayesema "meno yameisha" ananilazimisha niulize ya wapi. Nyuzi ina kisa kingine. Waingereza waliazima neno la mshonaji wakalitia kwenye chuma, nasi tukautafsiri uazimaji wao, kana kwamba kuna kitu kinachopita kwenye tundu la sindano. Nakiri lakini kwamba hesi ya alumini ikiliwa, hutoka pamoja na bolti ikiwa imejiviringa, laini na ndefu, na hapo hata mimi huona uzi. Tatizo ni kwamba hapo ndipo imeshaharibika. Hatuwezi kukipa kitu jina la maiti yake.

Hesi ni mlima uliozungushiwa nguzo. Kata karatasi ya pembetatu, iviringishe kwenye penseli, ukingo wake utapanda ukizunguka: hiyo ndiyo hesi. Lori linalopanda Senjele likitokea Mbeya hupanda kidogo kwa kila mita linayokwenda mbele, na nati nayo hupanda kidogo kwa kila mzunguko. Umbali inaopanda katika mzunguko mmoja unahitaji jina, nami napendekeza tuuite hatua. Bolti ile ya milimita 6 ina hatua ya milimita 1. Tundu la robo inchi tulilolitaja lina hesi 26 katika kila inchi, na kwa kuwa inchi ni milimita 25.4, hatua yake ni milimita 0.977. Tofauti hiyo jicho haliioni wala vidole haviihisi. Unene ndio unaosaliti: robo inchi ni milimita 6.35. Milima inalingana, ila bolti ni nyembamba, kwa hiyo inashikilia kwa ncha tu, na ncha hazihimili mkazo.

Jambo la tatu ni pembe. Kabla ya mwaka 1841 karakana za Uingereza zilichonga hesi kila moja kwa kipimo chake, hata nati ya mashine moja haikufaa kwa mashine ya jirani. Mwaka huo Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja: pembe ya nyuzi 55, kilele na bonde vikiwa vya mviringo. (Ndiyo, nyuzi. Kiswahili kinatumia neno hilohilo kwa pembe na kwa joto, sababu nyingine ya kutolirundikia kazi zaidi.) Baadaye Waingereza walitoa hesi nyembamba ya aina hiyohiyo, na mafundi wa baiskeli wakatoa yao ya nyuzi 60, ambayo kwa vipimo vingi ina hesi 26 kwa inchi. Kampuni za pikipiki, nyingi zikiwa zimetokana na baiskeli, zikaichukua. Hivyo pikipiki moja ya Kiingereza hubeba familia tatu za hesi. Alumini hupewa hesi nene kwa sababu ni laini na inahitaji mshiko mpana, na chuma hupewa nyembamba ambazo hazilegezwi upesi na mtikisiko. Mtu asiyejua hilo huona fujo mahali palipo na mpango.

Pikipiki za Kiingereza si ngeni katika njia hii ya Tunduma. Novemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipita Mbozi, likashambulia Fife ng'ambo ya mpaka, likashuka kuelekea Kasama. Habari kwamba vita vimesimamishwa Ulaya zilimfikia kupitia karatasi alizokutwa nazo mwendesha pikipiki wa Kiingereza aliyekamatwa. Mwaka 1935 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walivuka Tanganyika kwa Panther ya sisi 600 yenye kigari cha pembeni. Walikuwa wameondoka London Desemba 1934, na walifika Cape Town Julai. Kila nati iliyolegea njiani ilitaka spana yake.

Na spana ndiyo mtego wa pili. Tunduma ina bahati ya pekee: kwa sababu ya malori ya Kimarekani yanayokwenda Zambia na Kongo, mafundi wengi wa pale wana spana za inchi pamoja na za milimita. Watu hudhani basi wamemaliza kazi, inchi si inchi? Siyo. Spana ya Kimarekani huandikwa upana wa kichwa cha bolti. Spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti yenyewe. Spana ya robo ya Whitworth ina mdomo wa milimita 13.3. Namba 13 haiingii, namba 14 inateleza na kulainisha kona, nusu inchi ya Kimarekani ni ndogo, na inayofuata, 9/16, ni kubwa. Nimeona kona za bolti zilizoviringika kama embe kwa sababu ya spana iliyo "karibu sawa".

Sasa tuseme mtu wa Vwawa amerithi mabaki ya BSA ya sisi 250: fremu, injini, tangi lenye nembo ya bunduki tatu, maana kampuni hiyo ya Birmingham ilianzishwa na mafundi wa bunduki mwaka 1861. Kwanza atasafisha kwa brashi namba iliyogongwa kwenye injini. Ikianza na C15S bila herufi nyingine, ni ya mbio za matope. C15T, ni ya yale mashindano ya kupanda mawe na magogo bila kugusisha mguu chini. C15 tupu ni ya barabarani. Baada ya hapo asome hesi, kwa sababu namba husema pikipiki ilivyotoka kiwandani na hesi husema yaliyoipata baadaye. Bolti ya milimita kwenye injini hiyo ni alama ya mkono wa mtu. Bolti yenye duara tatu zinazogusana kichwani ni ya kipimo kilichokubaliwa na Uingereza, Marekani na Kanada mwishoni mwa miaka ya 1940, ambacho viwanda vya pikipiki vilikichelewesha hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Ikiwa kwenye C15S, nayo ni mgeni.

Hapa ndipo maneno mawili tunayoyachanganya yanapoachana. Ukitoboa tundu lililokufa, ukapiga tepu ya milimita 8 na kufunga, umekarabati, na huenda pikipiki ikafika Kamsamba na kurudi. Hujairejesha. Kurejesha ni kukirudisha kitu kilivyokuwa, na kwenye pikipiki hizi mpaka kati ya kazi hizo mbili ni hesi. Simlaumu anayekarabati. Ninachomwomba ni asiite kazi yake urejeshaji halafu auze kwa bei hiyo.

Kupima hakuhitaji vifaa vya ajabu. Futi ya fundi cherehani ina inchi upande mmoja. Bana karatasi juu ya bolti ili hesi ziache alama, hesabu alama ndani ya nusu inchi, zidisha kwa mbili. Ukipata 26 unajua uko wapi, 20 kwa robo inchi ni hesi nene ya Whitworth. Na bolti kuukuu, hata iliyoliwa nusu, usiitupe kwenye chuma chakavu. Itie kwenye chupa pamoja na kikaratasi kinachosema ilitoka wapi, maana ndiyo sampuli utakayompelekea fundi wa kerezo. Atakuuliza unene, atakuuliza hatua. Akiwa mtu wa kazi kweli ataigeuza kwenye mwanga, afumbe jicho moja, akuulize: hamsini na tano, au sitini?