Wakutubi na Utafutaji wa Hataza

Nchini Marekani, hataza ziliingia maktabani kwa sheria ya mwaka 1871, iliyoruhusu nakala zake zigawiwe kwa maktaba. Mpango rasmi wa maktaba hizo, pamoja na mafunzo ya wakutubi wake, ulianza mwaka 1977 tu.

Barani Afrika hali ilikuwa tofauti. Kongo ilikuwa na amri ya hataza tangu 1886, na ilipoitwa Zaire ikatunga sheria yake Januari 1982. Nchi hiyo haikujiunga na shirika la kikanda la hataza lililoasisiwa Lusaka mwaka 1976. Kenya nayo, hadi 1990, ilisajili upya hataza zilizokwisha kutolewa Uingereza. Uchunguzi wenyewe ulifanyika London, kwa hiyo mkutubi wa Nairobi hakuwa na sababu kubwa ya kujifunza kazi hiyo.

Mwaka 2009 Shirika la Miliki Ubunifu Duniani lilianzisha vituo vya kusaidia teknolojia na uvumbuzi, vikiwekwa katika ofisi za hataza, vyuo na maktaba. Somo gumu kwa wakutubi ni uainishaji wa kimataifa wa hataza, wenye sehemu nane, A hadi H. Fundi wa Base ya Kamina, nchini Kongo, anayetafuta kinu cha mahindi kwa neno “kinu” atakosa mengi, kwa kuwa mawakili huandika kwa maneno mapana, pengine makusudi. Lakini alama B02C ya uainishaji huo hukusanya mashine za kusaga nafaka, hati iwe ya Kijapani au ya Kifaransa.