Rada ilivyokwenda shule kwa popo

Asubuhi ya Februari 26, 1935, ndege ya mabomu aina ya Heyford ilikuwa ikirandaranda angani karibu na Daventry, Uingereza. Chini, ndani ya gari lililoegeshwa shambani, Robert Watson-Watt na mwenzake Arnold Wilkins walikodolea macho skrini. Mawimbi ya redio ya BBC yaligonga ndege hiyo na kurudi, wakainasa ikiwa umbali wa kilomita zipatazo 13. Vita vilipozuka mwaka 1939, minara ya rada, iliyotumia mbinu hiyo, ilikuwa tayari inalinda pwani ya Uingereza.

Rada hizo ziliona mbali, lakini hazikujua kujirekebisha. Mbele pawe na ndege, mvua au bahari iliyochafuka, zilirusha mawimbi yale yale. Kupambanua adui na wimbi la bahari ilikuwa kazi ya mtu aliyeketi mbele ya skrini.

Mwaka 1960, Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kanuni fupi ya hesabu waliyoipata walipojaribu kuiga seli za ubongo. Mtambo hutoa jibu, hupima kosa lake, hujirekebisha kidogo, kisha hurudia. Kanuni hiyo iliwezesha simu kufuta mwangwi na antena kuzipuuza kelele za makusudi za adui. Hata hivyo, aliyejifunza ni mpokeaji peke yake, yaani sehemu inayopokea mawimbi. Mrushaji, sehemu inayoyatuma, aliendelea na mazoea yake.

Popo alikwisha kuvuka kizingiti hicho zamani. Kuanzia mwaka 1938, Donald Griffin, na baadaye Robert Galambos, walionyesha katika Chuo Kikuu cha Harvard kwamba popo hujiongoza gizani kwa mwangwi wa sauti ambazo sikio la binadamu halizinasi. Akitafuta windo, hutoa sauti chache kwa sekunde; akimkaribia mdudu, zinaweza kufikia 200. Anachokisikia ndicho kinachoamua atakavyolia tena.

Simon Haykin wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, aliyechunguza kwa miaka mingi mwangwi wa bahari na barafu, aliuchukua mfano huo. Katika makala yake ya Januari 2006 alipendekeza rada tambuzi, yenye sifa tatu: ijifunze mazingira yake bila kukoma, mpokeaji amwelekeze mrushaji, na taarifa za mwangwi uliopita zisitupwe. Baadaye aliongeza mafunzo ya Joaquín Fuster, mtaalamu wa ubongo, kuhusu mzunguko wa kuhisi na kutenda.

Leo utafiti huu unasukumwa na msongamano wa masafa ya redio, kwani simu za mkononi zinayagombea yale yaliyotumiwa na rada. Kikwazo kikubwa ni uthibitisho. Rada ya zamani ilipimwa mara moja ikaaminika, kwa kuwa wimbi la kesho lilikuwa lile la leo. Inayojibadilisha yenyewe inamdai mhandisi ushahidi kwamba itaamua sawasawa hata mahali ambapo haijawahi kufika.