Mlango wa Mzanaki na Ugomvi wa Tafsiri

Mwaka 1952 Eugene Nida, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa tafsiri za Biblia, alisimulia habari ya Wazanaki, wenyeji wa Butiama, mashariki ya barabara itokayo Musoma kwenda Bunda. Katika Ufunuo sura ya 3 Kristo yu mlangoni, anabisha. Lakini kwa Wazanaki, asema Nida, agongaye mlango ni mwizi: hugonga apate kujua kama mna mtu ndani, na akisikia kishindo hukimbia. Mtu mwema huita jina la mwenye nyumba, akatambulikana kwa sauti yake. Basi katika Kizanaki ilifaa kuandika kwamba Kristo anaita. (Msomaji wa Kiswahili hasumbuki sana, maana kubisha kwake hufuatana na hodi, na hodi ni sauti.)

Je, huko ni kuyageuza Maandiko? Mshika neno atasema ndiyo, kwa kuwa Kiyunani kinataja kugonga. Walakini ashikaye neno hapo amemfanya Bwana kuwa mwizi. Kila upande hudai uaminifu, huu kwa neno, ule kwa maana. Ndiyo sababu ugomvi hauishi.

Katika Kiswahili liliongezeka swali jingine: Kiswahili cha nani? Unguja ilipata Biblia yake mwaka 1891, na ya Kimvita ikatoka 1914. Mwaka 1937 Mjerumani Karl Roehl alitoa yake, akiyapunguza kwa makusudi maneno yenye asili ya Kiarabu, kana kwamba hayakuwa yamekwisha kuzaliwa upya pwani. Tafsiri ya Muungano ya 1952 ilikusudiwa kupatanisha. Hata jina la baba wa imani halikutulia: Roehl aliandika Aburahamu, Muungano Ibrahimu, na Habari Njema ya miaka ya 1990 Abrahamu. Kwa mwanachuoni hilo ni jambo dogo. Kwa bibi aliyezoea Ibrahimu tangu utotoni, ni kama babu yake amebadilishwa jina.

Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alichagua njia yake. Tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume zilitoka 1996. Naye, akifuata desturi ya Wakatoliki, aliandika Enjili. Utenzi hudai mizani 8 katika kila kipande, hata mtunzi hana budi kuongeza neno hapa na kulipunguza pale. Mshika neno hatakubali kuiita kazi hiyo tafsiri. Lakini utenzi huimbwa, na asiyejua kusoma huusikia kwa sauti, kama mgeni anayeita mlangoni.