Reli ya mfano katika chumba kidogo: Somo kutoka Mwanza Kusini

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WATU wengi wanaposikia habari za reli ya mfano, yaani treni ndogo zinazotembea kwa umeme juu ya ubao, hudhani kuwa ni jambo la wenye nyumba kubwa. Dhana hiyo hutokana na mazoea ya kutaka treni izunguke. Kinachokula nafasi ni kona. Kwa kipimo cha 1:87, kinachotumika zaidi duniani, duara dogo la kawaida huhitaji ubao wenye upana wa sentimita 80 au zaidi.

Mpangaji wa chumba kimoja Mabatini, Igogo au Kirumba, ambako kitanda, kabati na jiko vinagawana nafasi moja, hana mahali pa kuweka ubao wa namna hiyo. Hata hivyo, anaweza kuwa na reli inayofanya kazi kikamilifu katika eneo la sentimita 120 kwa 30, sawa na rafu moja ya vitabu.

Kanuni ya kwanza ni kuacha kuifupisha safari na badala yake kuchagua kazi. Njia ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ina urefu wa takriban kilomita 380. Hata ikipunguzwa mara 160 bado itazidi kilomita mbili. Hakuna chumba cha kuitosha. Kinachoweza kutosha ni mahali pamoja ambapo reli hufanya kazi moja inayoeleweka, yenye mwanzo na mwisho.

Mwanza inapo mahali hapo. Ni Bandari ya Mwanza Kusini, ambako reli inaingia melini. Meli za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, zilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, MV Umoja ilibaki Tanzania na MV Uhuru Kenya. Behewa lililopakiwa Dar es Salaam liliweza kufika Port Bell, Uganda, bila mzigo kushushwa njiani, kwa kuwa sitaha ya meli ina reli zenye upana uleule wa milimita 1,000.

Kiungo kati ya nchi kavu na meli ni daraja lenye bawaba. Ziwa Victoria halina maji kupwa na kujaa kama bahari, lakini kina chake hubadilika kwa mvua za miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda kwa zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 yakapanda tena na kufunika maeneo mengi ya mwambao. Aidha, meli yenyewe huzama kidogo kila behewa linapoingia. Daraja lisilopanda na kushuka lisingefaa.

Kwa mbuni wa reli ndogo, bandari hiyo inatatua tatizo gumu kuliko yote: treni inatoka wapi na inakwenda wapi? Hapa jibu ni meli, ambayo huhitaji nafasi ndogo tu ukingoni mwa ubao.

Mpango unaofaa ni ule uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright na kujulikana kama Inglenook Sidings. Una pointi mbili tu, yaani sehemu ambapo njia moja ya reli hugawanyika kuwa mbili. Njia ya kwanza hubeba mabehewa matano, ya pili matatu na ya tatu matatu. Upande wa pili wa pointi kuna kipande cha kusogezea, kinachotosha injini na mabehewa matatu. Vipimo hivyo havipaswi kubadilishwa ovyo, kwani ugumu wa mchezo hutokana navyo.

Katika mpango wa Mwanza Kusini, njia ya tatu ndiyo inayovuka daraja na kuingia melini. Mchezo huanza mabehewa matano yakiwa katika njia ndefu na matatu melini. Andika namba za mabehewa yote manane kwenye vipande vya karatasi, kisha chagua vitano bila kuangalia. Mabehewa hayo yapangwe kwa mfuatano uliotokea, tayari kwa safari ya Tabora. Matatu yaliyobaki yaingie melini. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, hivyo si rahisi mchezaji kuuchoka.

Kuhusu vipimo, 1:160 ndicho kinachofaa zaidi. Behewa la mita 12 hadi 13 huwa na sentimita nane hivi. Lakini msomaji awe mwangalifu: reli ya kawaida ya kipimo hicho, yenye upana wa milimita 9, huwakilisha reli ya milimita 1,435, ambao ni upana wa reli ya kisasa. Anayetaka reli ya zamani atumie njia ya milimita 6.5, inayokaribia sana mita moja iliyopunguzwa mara 160.

Meli ya takriban mita 90 ingechukua sentimita 56. Nusu yake inatosha: sentimita 30, upande unaopakana na daraja. Itengenezwe kwa kadibodi ngumu na isigandishwe kwenye ubao, ili iweze kuondolewa na kurudi na mabehewa mengine.

Mandhari nayo isaidie kazi. Kipande cha kusogezea kifichwe nyuma ya mawe, alama ya jiji hili. Povu linalofungia televisheni likichongwa na kupakwa jasi hutoa miamba mizuri. Maji ya ziwa hupatikana kwa kupaka ubao rangi ya kijani iliyochanganywa na kijivu, kisha vanishi tabaka kadhaa.

Kabla ya kununua chochote, chora mpango mzima kwa ukubwa wake halisi juu ya karatasi, ukate mabehewa ya kadibodi na kuyasogeza kwa mkono. Pointi na injini huagizwa nje, na kosa la karatasi halina gharama.

Ujenzi wa reli ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka ulizinduliwa mwaka 2021. Upana wake si ule wa reli za sitaha ya MV Umoja. Utaratibu wa kupanga mabehewa kwa ajili ya meli, behewa lipi litangulie na lipi libaki, umo zaidi mikononi mwa walioufanya kuliko vitabuni. Ubao wa sentimita 120 unaweza kuuhifadhi, na mtoto wa miaka kumi akaujifunza kwa vipande vinane vya karatasi.