Mbwa mwenye mitoki na historia ya dawa zetu

Haya wadau, leo sina habari za bumu wala za foleni ya chakula. Wiki nzima nimejichimbia maktaba kwa jambo ambalo nilipowaeleza wenzangu wa chumbani walicheka mpaka wakashika mbavu: majaribio ya tiba ya saratani kwa mbwa. "Mbwa apewe kemo wakati watu wanalala chini wodini?" Swali zuri tu, ila historia yake haiendi kama wanavyodhani.

Chanzo ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Seattle. Mbwa wake aliota matezi shingoni, akapimwa, akakutwa na limfoma. Kwa lugha ya nyumbani ungesema mitoki, ila hii mitoki ni saratani. Bila tiba mbwa wengi hufa ndani ya wiki nne hadi sita. Wakipewa kemo ya dawa nne zinazochanganywa, wengi huvuka miezi kumi, kumi na miwili hivi. Daktari akamwambia kuna majaribio anaweza kumwingiza. Dada akaniandikia: "Mdogo wangu, wewe unayesoma historia na baolojia, hawa si wanataka kumgeuza mbwa wangu panya wa maabara?"

Nikaanza kuchimba. Moja ya zile dawa nne ni vinkristini. Inatokana na lile ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo huku pwani linaota hadi pembeni ya choo. Miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer, Kanada, walipima majani yake kwa sababu watu wa Jamaika walikuwa wakiyanywa kama chai ya kisukari. Sukari haikushuka, zikashuka chembe nyeupe za damu! Ndipo ilipopatikana vinblastini, mwaka 1958, na baadaye ndugu yake vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963.

Na jirani zetu wamo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya uliokuwa ukiua watoto wa Afrika Mashariki. Nao ulikuwa limfoma. Mwaka 1967 pale Mulago kilifunguliwa kituo cha kutibu limfoma kwa kushirikiana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na watoto wa Uganda wakawa kati ya wagonjwa walioionyesha dunia kwamba saratani inaweza kutibika kwa dawa peke yake. Kwa hiyo mnaosema mbwa wanakula dawa za watu, ni kweli, madaktari wa mifugo waliziazima kutoka kwetu.

Lakini hesabu ina upande wa pili, na hapo ndipo wenzangu waliponyamaza. E. Donnall Thomas alipojaribu kupandikiza uboho kwa watu mwaka 1957, wagonjwa wake walikufa. Akarudi kwa mbwa, miaka na miaka, Cooperstown na kisha Seattle (mji uleule wa dada!). Kwa mbwa ndiko kundi lake lilikojifunza kulinganisha tishu za ndugu wa tumbo moja ili mwili usipigane na uboho mgeni. Mwaka 1979 wenzake walieleza mbwa waliougua limfoma wenyewe, bila kuambukizwa na mtu, waliopigwa mionzi mwili mzima kisha wakarudishiwa uboho wao, na baadhi wakaishi muda mrefu bila ugonjwa. Thomas akapata Nobel mwaka 1990. Mbwa hawakupata kitu, na wengi wa awali walikuwa mbwa wa maabara hasa. Hofu ya dada haikutoka hewani.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2003, taasisi ileile iliyokuwa na mkono Mulago ilipoanzisha mpango wa kulinganisha saratani za wanyama na za watu, ikiunganisha hospitali za mifugo za vyuo vikuu. Hapa mgonjwa ni mbwa wa nyumbani. Analala kwake, mwenyewe anasaini fomu ya ridhaa, na anaweza kumtoa siku yoyote. Kuyapata majaribio kulikuwa kazi ya kupiga simu chuo kwa chuo, hadi mwaka 2016 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kilipofungua orodha ya kutafutia kwa aina ya mnyama na ugonjwa.

Nilimwandikia dada mambo ya haraka. Aulize kama limfoma ni ya seli B au T, maana mengine huchukua aina moja tu. Aulize nani analipia vipimo, na mbwa akizidiwa nani anagharamia. Kubwa kuliko yote, asikubali prednisoloni kabla ya kuuliza. Matezi hunywea ukadhani mbwa kapona, kumbe saratani inaweza kuzoea dawa, na majaribio mengi humkataa mbwa aliyekwisha kuinywa.

Kuhusu panya wa maabara, nilimpa mifano miwili. Ibrutinibu ilijaribiwa kwa mbwa wanane wenye limfoma, matokeo yakatoka mwaka 2010, uvimbe wa watatu ukapungua. Mwaka 2013 ikaruhusiwa kwa watu. Rabakfosadini nayo imetokana na utafiti wa dawa iliyotarajiwa kusaidia watu. Haikuruhusiwa kwao, ikabaki kwa mbwa. Ilipewa ruhusa ya muda mwaka 2016, na Julai 2021 ikawa dawa ya kwanza kupata ruhusa kamili Marekani kwa limfoma ya mbwa. Kabla ya hapo, miaka yote hiyo, walikuwa wanatibiwa zaidi kwa dawa zilizoandikwa jina la binadamu.