Sheria za baiskeli barabarani (Tanzania)

Sheria za baiskeli barabarani ni kanuni zinazomwongoza mwendesha baiskeli katika barabara za umma. Nchini Tanzania msingi wake ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168). Mwendesha baiskeli hahitaji leseni ya udereva, lakini anapaswa kutii alama, taa za barabarani na amri za askari wa usalama barabarani.

Mwendo. Magari na baiskeli hupita upande wa kushoto. Kabla ya kukata kona kulia, mwendeshaji hutazama nyuma, hunyoosha mkono wa kulia, kisha huingia njia ikiwa shwari. Kwenye kivuko cha pundamilia humpisha mwenda kwa miguu.

Vifaa. Mkataba wa kimataifa wa Vienna kuhusu usafiri wa barabarani, wa mwaka 1968, unataka baiskeli iwe na breki madhubuti, kengele, taa nyeupe au ya njano mbele, na taa pamoja na kiakisi mwanga chekundu nyuma. Unakataza pia kuachia usukani kwa mikono yote miwili na kushikilia gari lililo kwenye mwendo.

Vijijini. Katika kata ya Gitting, wilayani Hanang, mkoani Manyara, miteremko ya Mlima Hanang huzipa kanuni hizi uzito wa pekee. Gunia lililofungwa kwenye keria huongeza nguvu ya kushuka na kurefusha umbali wa kusimama. Vumbi na ukungu hupunguza uwezo wa kuona. Kukagua raba za breki kabla ya safari huokoa maisha.